Nyumba ambamo mtoto aliweza kumshtaki mlezi wake



Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, kamati ya matendo ya huruma ya parokia ilikaa kupanga mchango wetu wa kila mwaka kwa ajili ya kituo cha watoto yatima. Kama kawaida orodha ilijaa upesi: unga, maharage, mafuta ya kula, sabuni, magodoro, madaftari. Tulikuwa karibu kufunga kikao kwa sala, ndipo mama mmoja mzee, mwakilishi wa jumuiya ndogo ndogo, alipoinua mkono na kuuliza: “Baba Paroko, hivi watoto wenyewe wamesema wanahitaji nini?”

Tulitazamana. Miaka yote hiyo tumekwenda pale, tumeimbiwa wimbo wa kukaribishwa, tumekabidhi magunia, tumepiga picha na kurudi nyumbani tukiwa tumeridhika. Hatujapata kuwauliza. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nasi tumekuwa tukinunua magodoro bila kumwuliza anayeyalalia.

Swali la mama yule halikutuacha juma zima. Kwa hiyo leo tunawaalika tutembee pamoja katika historia ya nyumba za kulelea watoto, tujiulize jambo moja tu: ni nini kinachoifanya nyumba ya namna hiyo iwe nyumba kweli, na si ghala la kuhifadhia watoto?

Tuanzie Italia. Mwaka 1419 chama cha wafanyabiashara wa hariri wa mji wa Florence kilianza kujenga nyumba kwa ajili ya watoto waliotupwa, na kazi ya kuichora wakampa msanifu mkubwa wa zama zile, Filippo Brunelleschi. Tarehe 5 Februari 1445 alipokelewa mtoto wa kwanza, msichana aliyeitwa Agata Smeralda. Nyumba ile ipo hadi leo, na nguzo zake nyembamba bado huwavuta wageni kutoka pande zote za dunia. Lakini kinachogusa moyo kuliko nguzo ni vitu vidogo vilivyohifadhiwa ndani yake: nusu ya medali, kipande cha sarafu, ushanga. Mama aliyeshindwa kumlea mwanawe alikata kitu vipande viwili, kimoja akamvisha mtoto, cha pili akabaki nacho, akitumaini kwamba siku moja vipande vitaungana tena naye atamtambua mwanawe.

Tukivitazama vile vipande tunajifunza jambo la kwanza. Watoto wale hawakuwa wametoka hewani. Walikuwa na watu wao. Umaskini, aibu na njaa viliwatenganisha, si ukosefu wa upendo. Nyumba iliwapa paa, maziwa ya mama wa kunyonyesha na ubatizo, na hilo lilikuwa tendo kubwa la huruma. Hata hivyo, katika karne zilizofuata, watoto wengi mno walikufa katika nyumba za watoto wa kuokotwa kote Ulaya, na kwa muda mrefu lawama zilitupiwa magonjwa na uchafu peke yake.

Jibu kamili zaidi lilianza kuonekana mwaka 1945, daktari René Spitz alipochapisha utafiti wake. Alilinganisha sehemu mbili zilizolea watoto wachanga. Moja ilikuwa kituo cha watoto walioachwa: safi, chenye chakula cha kutosha na madaktari, lakini mlezi mmoja alihudumia watoto wanane hivi, na shuka zilitundikwa kuzunguka vitanda, basi mtoto akawa haoni kitu ila dari. Ya pili ilikuwa chumba cha watoto ndani ya gereza la wanawake, ambako mama waliofungwa waliwalea watoto wao wenyewe. Katika miaka miwili aliyowafuatilia, zaidi ya theluthi moja ya watoto wa kituo kile safi walikufa. Katika kile chumba cha gerezani hakufa hata mmoja. Aliyeketi gerezani pamoja na mama yake alikuwa na maisha kuliko aliyelala katika shuka nyeupe bila mtu.

Nchini Romania jambo hilo lilirudiwa kwa namna ya kutisha. Mwaka 1966 serikali ya Ceaușescu ilipiga marufuku utoaji mimba kwa nia ya kuongeza idadi ya watu, na familia zilizoelemewa zikahimizwa kuikabidhi serikali watoto wao. Utawala ule ulipoanguka mwishoni mwa mwaka 1989, ulimwengu uliona kwenye televisheni watoto wamekaa kwenye vitanda vya chuma, wakijitikisa mbele na nyuma, kimya. Zaidi ya 100,000 walikuwa katika taasisi. Baadaye watafiti waliwafuatilia watoto wadogo 136 wa vituo vya Bucharest, nusu yao wakipelekwa kulelewa katika familia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopata familia waliwapita wenzao katika ukuaji wa akili, hasa wale waliopelekwa kabla ya kutimiza umri wa miaka miwili. Mtoto haishi kwa mkate tu, na hili halisemwi tena kwenye mimbari peke yake, bali na mizani ya daktari pia.

Hata Kanisa la kwetu, wapendwa, lilianzia katika nyumba ya watoto. Mapadre wa Roho Mtakatifu, walioanza kazi Zanzibar katika miaka ya 1860, walivuka bahari mwaka 1868 na kujenga misioni Bagamoyo. Wakristo wao wa kwanza walikuwa wengi wao watoto waliokombolewa kutoka utumwani, waliotoka makabila mbalimbali ya bara. Misioni iliwapa chakula, mavazi, shule, ufundi na imani, na walipokua wakaoana na kupewa makao katika kijiji cha misioni. Sisi tunaosali leo kwa Kiswahili tu warithi wao. Lakini barua za wamisionari wenyewe husimulia pia kuhusu waliotoroka. Kengele ilipanga kila saa ya siku, nidhamu ilikuwa kali, na mtoto aliyenunuliwa sokoni hakuwa na mahali pa kusema kwamba hili linaniuma. Waliompokea walimtakia mema, lakini hatupati kuona kwamba walimwuliza. Tuliseme hili bila kuwatukana wazee wetu, kwa kuwa sisi nasi tumekuja na magunia yetu bila kuuliza.

Katika miaka ileile, mjini Torino, Padre Yohane Bosco alikuwa akiishi na vijana waliokosa makao. Tangu Pasaka ya mwaka 1846 alikuwa na kibanda cha kupanga huko Valdocco, na mwaka uliofuata alianza kulaza vijana chini ya paa lake. Simulizi zinasema kwamba kundi la kwanza alilolihifadhi lilitoweka usiku pamoja na mablanketi yake. Hakufunga mlango. Njia yake aliijenga juu ya akili, dini na upole, akakataa kulea kwa fimbo na vitisho. Mwaka 1884, akiwa Roma, aliwaandikia wenzake barua ambayo kiini chake ni hiki: haitoshi vijana wapendwe, ni lazima wao wenyewe watambue kwamba wanapendwa. Kipimo cha upendo basi hakiko kwa mpaji bali kwa mpokeaji, na mlezi hana haki ya kujipa alama mwenyewe.

Lakini mtoto atasemaje, ikiwa hajisikii kupendwa? Ataliambia nani, na atakayeambiwa atafanya nini? Jibu la swali hili tumelipata kwa mtu ambaye hakuwa padre wala Mkristo, nalo ndilo tunalotaka mlibebe nyumbani leo.

Huyo ni Henryk Goldszmit, Myahudi wa Warsaw, daktari wa watoto na mwandishi, aliyejulikana kwa jina la Janusz Korczak. Baba yake alikuwa mwanasheria, akaugua akili na kufariki mwaka 1896, hivyo kijana Henryk alionja mapema maana ya nyumba kuyumba. Mwaka 1912, pamoja na Bibi Stefania Wilczyńska, alifungua Nyumba ya Yatima katika mtaa wa Krochmalna kwa ajili ya watoto wa Kiyahudi wapatao mia moja. Kuanzia mwaka 1919 alisaidiana pia na Bibi Maryna Falska katika nyumba nyingine ya watoto wa Kipoland, iliyoitwa Nyumba Yetu. Katika nchi ambako Wayahudi na Wakristo walizidi kutazamana kwa chuki, daktari huyu mmoja alihudumia nyumba zote mbili.

Tutazame jinsi nyumba ya Krochmalna ilivyoendeshwa. Mtoto mgeni hakuachwa peke yake siku ya kwanza. Alikabidhiwa kwa mtoto mwenzake aliyekwisha kuzoea, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa mlinzi wake, akimwonyesha desturi za nyumba na kuwajibika kwa makosa yake. Mara nyingi mlinzi huyo alikuwa yuleyule ambaye mwaka jana alikuwa mtukutu, maana anayejua shimo lilipo ndiye anayefaa kumwongoza mgeni gizani. Kazi za nyumba, kufagia, kupanga meza, kutunza wagonjwa, ziligawanywa kwa watoto wote, na kazi ya ufagio iliheshimiwa sawasawa na kazi ya kitabu. Kulikuwa na sanduku la barua, kwa ajili ya mtoto asiyeweza kusema kwa kinywa. Kulikuwa na gazeti la nyumba, na bunge la watoto.

Vitu vya watoto viliheshimiwa. Korczak anasimulia kwa hasira habari ya mlezi mmoja aliyechukizwa na takataka za mifukoni na kwenye droo, kamba, shanga, vipande vya kioo, akazitupa zote katika jiko la moto. Kwake hilo lilikuwa kosa zito, kwa kuwa mkubwa amechoma mali ya mwenzake asiye na nguvu. Tukikumbuka zile nusu za medali za Florence, tutaelewa alimaanisha nini. Kamba inaweza kuwa kitu pekee ambacho mtoto alitoka nacho kwao.

Kuliko yote kulikuwa na mahakama. Waamuzi watano walipatikana kwa kura miongoni mwa watoto wasiokuwa na kesi juma lile. Mwalimu alikuwa katibu tu, hakuwa na sauti katika hukumu. Sheria zao zilikuwa na mpangilio wa ajabu: vifungu 99 vya kwanza vilihusu kuachilia na kusamehe. Labda alikosa bila kujua, labda alitaniwa mno, labda amekwisha kujuta. Ni kutoka kifungu cha 100 ndipo hatia ilipotamkwa, kisha 200, 300, ikipanda hadi kifungu cha 1000, yaani kuondolewa katika nyumba. Watoto walijifunza kusamehe kwa utaratibu, kabla ya kujifunza kuadhibu.

Hayo hayakwenda vizuri tangu mwanzo, na Korczak hakuficha. Wapo waliodharau mahakama na waliyoigeuza mchezo, na ikafika hatua akaisimamisha. Baada ya majuma kadhaa ilifunguliwa tena, ikiwa na jambo jipya: watoto sasa waliruhusiwa kuwashtaki watu wazima. Katika nusu mwaka yeye mwenyewe alisimama mbele ya mahakama ile mara tano. Alimzaba mvulana kofi la sikio. Alimtoa mvulana bwenini. Alimsimamisha mtoto pembeni kwa adhabu. Alimtusi mwamuzi. Alimshuku msichana kwamba ameiba. Daktari, mwandishi, mkuu wa nyumba, alisubiri hukumu ya watoto watano.

Aliandika baadaye kwamba kesi zile ndizo zilizomfundisha kazi. Alisema mlezi wa aina mpya hajizuii kumdhulumu mtoto kwa sababu tu anampenda, bali kwa sababu upo utaratibu unaomlinda mtoto dhidi ya hasira na matakwa ya mlezi. Tusimame hapa kidogo, wapendwa. Sisi watu wa Kanisa hupenda kusema kwamba upendo watosha. Korczak aliwapenda watoto mpaka kufa, nasi tutaona hivi punde kwamba hili si neno la mapambo, lakini hakuuamini upendo wake mwenyewe kiasi cha kuuacha bila msimamizi.

Je, nyumba ile haikuwa na kasoro? Ilikuwa nazo. Watoto walipigiana kura kueleza wanavyomwona mwenzao, na aliyepata kura nyingi mbaya bila shaka aliumia. Ni jambo ambalo leo tungelifikiria mara mbili. Lakini kasoro zake zilikuwa zimewekwa mezani, mahali ambapo mtoto angeweza kuzionyesha kwa kidole.

Vita ilipofika, mwaka 1940, Wajerumani walioivamia Poland waliwalazimisha watoto kuhamia ndani ya kuta za geto la Warsaw. Njaa na homa viliingia. Idadi ya watoto ilifika mia mbili hivi. Korczak, mgonjwa na amechoka, alizunguka kila siku akiomba chakula kwa ajili yao. Alipata nafasi za kujiokoa, akazikataa. Mwanzoni mwa Agosti 1942 askari walifika. Korczak, Bibi Wilczyńska na walezi wengine walitembea pamoja na watoto wao hadi stesheni ya treni, wakapelekwa kambi ya Treblinka na kuuawa. Yule aliyekuwa tayari kusimama mbele ya watoto kama mshtakiwa, hakuwaacha waliposimamishwa mbele ya wauaji.

Sasa tutazame upande wa pili wa sarafu, nao unatuhusu sisi moja kwa moja. Mwezi Mei 2009 tume iliyoundwa na serikali ya Ireland ilitoa taarifa yake kuhusu shule za viwanda na nyumba za watoto zilizoendeshwa kwa sehemu kubwa na mashirika ya kitawa ya Kanisa letu. Zaidi ya watu 1,000 waliolelewa humo walikuwa wametoa ushuhuda. Tume ilikuta kwamba vipigo, udhalilishaji na njaa vilikuwa sehemu ya maisha ya kila siku, na kwamba katika taasisi za wavulana unyanyasaji wa kijinsia ulikuwa umeota mizizi. Katika nyumba hizo sala zilisaliwa. Misalaba ilitundikwa ukutani. Bila shaka walikuwamo pia watawa wema. Kilichokosekana ni mahali pa mtoto kusema na kusadikiwa. Mtoto aliyethubutu kulalamika alirudishwa kwa yuleyule aliyemtendea ubaya, na wakaguzi wa serikali hawakutaka kuona. Tunaliandika hili kwa aibu. Ukuta mrefu unaomzuia mwizi kuingia ndio huohuo unaozuia kilio kutoka.

Wengine watasema, hayo ni ya Ulaya. Basi turudi nyumbani. Kuanzia mwaka 2007 hivi, Tanzania ilitikiswa na mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa sababu ya ushirikina na tamaa ya mali. Serikali iliwakusanya watoto wengi katika shule za bweni zilizokuwa zikihudumia watoto wenye ulemavu, kama Buhangija mkoani Shinyanga, Mitindo huko Misungwi na Kabanga wilayani Kasulu. Hatuna haki ya kulibeza tendo hilo, maana ukuta ule uliokoa maisha. Lakini kilichokusudiwa kuwa kimbilio la muda kiligeuka kwa watoto wengi kuwa utoto wao wote. Mabweni yalijaa kupita kiasi. Wapo walioletwa wakiwa wadogo mno, wakakua bila kumkumbuka vema mama yao. Mwaka 2017 mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ualbino, Bibi Ikponwosa Ero, ambaye mwenyewe ana ualbino, alizuru Tanzania, na suala la kuwaunganisha tena watoto hao na familia zao lilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyasisitiza.

Kumlinda mtoto ni hatua ya kwanza. Kumfanya awe mmoja wetu ni safari nzima. Mtoto mwenye ualbino akiwekwa kwenye kituo anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua. Darasani anahitaji kuketi mbele na kupewa maandishi makubwa, kwa kuwa macho yake hayaoni mbali. Haya hayana gharama kubwa. Lakini anahitaji pia rafiki asiye na ualbino wa kucheza naye, likizo ya kwenda kwao pale panapokuwa salama, na mtu wa kumwambia pale mpishi anapomwita kwa jina la dharau. Ndivyo ilivyo pia kwa mtoto kiziwi katika kituo ambacho hakuna mlezi anayejua lugha ya alama, na kwa kikojozi anayeanikwa uani pamoja na godoro lake ili wenzake wamcheke. Nyumba hupimwa kwa huyo wa mwisho. Kama yeye anaweza kusema na akasikilizwa, wote wamekwisha kusikilizwa.

Ulimwengu umeanza kujifunza. Ni Poland, nchi ya Korczak, iliyopendekeza mwaka 1978 kuwe na mkataba wa haki za mtoto, na Umoja wa Mataifa ukaupitisha tarehe 20 Novemba 1989. Kifungu chake cha 12 kinampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala inasema kwamba umaskini peke yake usiwe sababu ya kumwondoa mtoto kwao, na kwamba walio chini ya miaka mitatu walelewe katika familia. Mwaka huohuo Tanzania ilitunga Sheria ya Mtoto, inayotambua haki ya mtoto kutoa maoni, na yenye nafasi kwa malezi ya kambo. Jirani zetu wa Kenya walisimamisha usajili wa vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 wakazindua mkakati wa miaka kumi wa kuyarudisha malezi katika familia na jamii. Sheria ziko. Kinachobaki ni masikio.

Wapendwa, wanafunzi walipobishana nani mkubwa, Bwana alimwita mtoto na kumsimamisha katikati yao. Hakumpeleka pembeni akapewe peremende. Alimweka katikati, mahali ambapo kila mtu lazima amtazame, na ambapo naye anawatazama wote.

Kwa hiyo kamati yetu imekutana tena Jumatano, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Safari hii tutakwenda kwanza watu wachache, bila kamera na bila magunia, kwa ruhusa ya walezi na ya afisa ustawi wa jamii, kuwasikiliza watoto. Tutawasikiliza walezi pia, kwa maana mlezi mmoja mwenye watoto ishirini na mshahara uliochelewa naye ana kilio chake. Tutauliza maswali matatu: Mtoto mgeni hupokewa na nani usiku wake wa kwanza? Kila mtoto ana kitu gani kilicho chake, na anakiweka wapi? Na akikosewa na mkubwa, anamwambia nani, na nini hufuata? Majibu ndiyo yatakayoandika orodha yetu.

Tena, sehemu ya mchango haitakwenda kituoni kabisa. Katika jumuiya zetu wapo bibi wanaolea wajukuu yatima kwa shida, na wapo akina mama wajane wanaofikiria kupeleka mtoto kituoni kwa sababu tu ya karo na chakula. Gunia la unga likifika mlangoni kwao mapema, huenda mtoto asilazimike kuondoka. Hapo tutakuwa tumeviunganisha vipande viwili vya medali kabla havijakatwa.

Mama yule mzee aliyeuliza swali tumemwomba awe kiongozi wa msafara. Alisita kwanza, akasema hajui kusoma vizuri. Tulimwambia hatuhitaji msomaji, tunahitaji mtu anayeuliza.

Mungu awabariki ninyi na watoto wote waliomo majumbani mwenu. Tukutane tena juma lijalo. Tumsifu Yesu Kristo!